Meza, Bia na Kiitikio: Kisa cha Wilton's

Mama uliye jikoni unamalizia chakula cha jioni, kijana uliyesimama kwenye daladala, babu uliyevuta kiti karibu na redio, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Leo nawachukua mbali kidogo, hadi Uingereza, katika jiji la London, kwenye kichochoro kimoja upande wa mashariki, karibu na bandari ya zamani. Kichochoro hicho kinaitwa Graces Alley. Humo kuna nyumba iliyoanza ikiwa kilabu cha pombe, ikawa ukumbi wa muziki, ikawa nyumba ya ibada, ikawa ghala la matambara, na leo ni ukumbi wa muziki tena. Nyumba hiyo inaitwa Wilton's.

Najua kuna msikilizaji anayejiuliza: kilabu cha pombe cha London cha karne ya 19, mimi kinanihusu nini?

Swali zuri. Historia tuliyosomeshwa wengi wetu imejaa wafalme, vita na mikataba. Ni mara chache inatuambia kuli wa bandarini, akishaweka chini gunia la mwisho, alikwenda wapi. Alikaa na nani? Aliimba nini? Alilipa kiasi gani ili acheke? Mimi naamini maswali hayo yana uzito sawa na maswali ya wafalme, na ndiyo maana nimeichagua nyumba hii. Kuta zake zinajibu.

Na kabla sijaendelea, shikeni jambo moja, maana nitalirudia tena na tena. Katika vilabu vile, mteja hakwenda kutazama tu. Mteja alikuwa sehemu ya onyesho.

Basi tuanze mwanzo. Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Katika miaka hiyo London ilivimba. Watu walimiminika kutoka vijijini, wakatoka Ireland wakikimbia njaa, wakatoka nchi nyingine za Ulaya, wakapanga vyumba vidogo, vya baridi, familia nzima ndani ya chumba kimoja. Jaribu kufikiria jioni ya mtu wa namna hiyo. Nyumbani hakuna mwanga wa kutosha, hakuna pa kunyoosha miguu, kuni na makaa ya mawe ni ghali. Lakini pale kwenye kona ya mtaa kuna kilabu. Ndani kuna moto, kuna taa, kuna watu. Kwa bei ya glasi moja ya bia unapata vyote vitatu. Ungekwenda wapi wewe?

Wenye vilabu hawakuchelewa kugundua kitu. Wateja wakianza kuimba, hawaondoki. Na asiyeondoka ataagiza tena. Basi mwenye kilabu anatenga chumba cha nyuma, anaweka kinanda, anamweka mtu wa kuongoza jioni akiwa na nyundo ndogo ya mbao mkononi. Akigonga meza, watu wananyamaza. Anataja jina la mmoja wao, fundi seremala labda, au mshona viatu, naye anasimama kuimba. Wengine wanaitikia. Hapo hakuna jukwaa bado, wala hakuna mwimbaji wa kulipwa. Kuna meza, kuna bia, kuna kiitikio. Mambo hayo matatu ndiyo mbegu ya yote yatakayofuata.

Katikati ya jiji palikuwa na nyumba za namna nyingine, kwa ajili ya mabwana wenye fedha. Evans's, huko Covent Garden, ilikuwa mojawapo. Mabwana walikula chakula cha usiku hapo, wakasikiliza nyimbo hadi usiku wa manane. Wanaume watupu. Siwezi kukaa sana hapo, maana safari yetu ni ya upande wa pili wa mji.

Sasa ikaja sheria, na sheria hii ni ya kuielewa vizuri. Mwaka 1843 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Majumba ya Maigizo. Kabla ya hapo, majumba machache sana ya London ndiyo yaliyokuwa na haki ya kuonyesha tamthilia kamili za kuzungumza. Sheria mpya ilifungua mlango, lakini ilimtaka kila mwenye ukumbi achague. Ukitaka kuonyesha tamthilia, chukua leseni kwa Lord Chamberlain, afisa mkubwa wa ikulu, na watu wasinywe pombe wala kuvuta tumbaku mbele ya jukwaa lako. Ukitaka kuuza bia watu wakikutazama, baki na leseni ya muziki na dansi kutoka kwa mahakimu, lakini usiguse tamthilia.

Mnaona hapo? Mwenye kilabu aliwekwa njia panda. Mkono mmoja Shakespeare, mkono mwingine bia. Wengi walichagua bia. Na kwa kuwa tamthilia walikatazwa, wakaweka nguvu zao zote kwenye kile walichoruhusiwa: wimbo, dansi, mazingaombwe, sarakasi, kichekesho kifupi. Burudani ile ya vipande vipande, wimbo mmoja halafu mchezo mmoja halafu wimbo mwingine, ambayo baadaye ilienea duniani hadi ikaingia hata redioni na kwenye televisheni, ilipata umbo lake kwa sababu ya karatasi ya leseni. Hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Wa kwanza kuifanya biashara hii kuwa kubwa anatajwa kuwa Charles Morton. Mwaka 1849 alichukua kilabu kiitwacho Canterbury Arms, huko Lambeth, kusini ya mto Thames. Mwaka 1852 akajenga ukumbi hasa nyuma ya kilabu hicho. Unajua kiingilio kilikuwaje? Ulinunua tiketi ya peni sita, na kwa tiketi hiyohiyo ukapewa kinywaji. Yaani ulilipia bia, muziki ukaja nao. Baada ya muda mfupi ukumbi ukawa mdogo, akajenga mkubwa zaidi.

Morton alifanya jambo lingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko majengo yake. Aliwakaribisha wanawake. Mwanzo kwa siku maalumu, baadaye kila siku. Fundi akaja na mke wake, kijana akaja na mchumba wake. Na tena Morton hakuwadharau wateja wake. Pamoja na nyimbo za kuchekesha aliwawekea vipande vya opera za Ulaya, muziki ambao watu wakubwa walidhani mtu wa Lambeth hawezi kuuelewa. Watu wa Lambeth walikaa, wakasikiliza, wakashangilia. Wazee wa kazi hiyo wakaja kumwita Morton baba wa kumbi.

Haya, sasa turudi Graces Alley, maana huko ndiko tulikokusudia.

Kilabu cha pale kilikuwepo tangu karne ya 18, kikihudumia manahodha na wafanyabiashara wa melini. Kufikia miaka ya 1820 kilijulikana kwa jina la Mahogany Bar, kwa sababu mwenyewe aliweka kaunta na samani za mbao za mahogani, kitu cha fahari wakati ule. Nyuma yake pakajengwa chumba cha muziki, na kwa muda wakajaribu njia ya tamthilia pia. Kisha, mnamo 1850, akaja mtu aitwaye John Wilton na mke wake Ellen.

Wilton alinunua biashara, akaona chumba cha nyuma hakitoshi, akapanua. Bado hakikutosha. Lakini atapanua kwenda wapi? Kichochoro chenyewe chembamba, nyumba zimebanana. Akafanya hivi: akapata nyumba za jirani moja baada ya nyingine, akaziacha mbele kama zilivyo, na nyuma yao, mahali pa viwanja vyao, akajenga ukumbi mmoja mkubwa. Ellen Wilton ndiye aliyeweka jiwe la msingi, Desemba 1858. Machi 1859 ukumbi ukafunguliwa.

Hebu tuingie pamoja. Ukipita Graces Alley unaona nyumba za kawaida tu, milango ya kawaida, madirisha ya kawaida. Hakuna dalili kwamba nyuma yake kuna ukumbi mkubwa. Unapita kwenye baa, unasukumana na mabaharia kwenye kaunta, unafuata korido, na ghafla dari inapaa. Ukumbi ni mrefu, roshani inauzunguka pande tatu, na roshani hiyo imeshikiliwa na nguzo nyembamba za chuma zenye misokoto kuanzia chini hadi juu. Kuta zina vioo. Darini imening'inia taa moja kubwa ya gesi yenye ndimi za moto kama 300, imezungukwa na maelfu ya vipande vya kioo. Fikiria mtu aliyeshinda siku nzima ndani ya ngama ya meli, gizani, akipakua sukari au makaa. Usiku anaingia chini ya taa ile. Kwa muda wa jioni moja, mwanga ule wote ni wake.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Sakafu haikuwa na safu za viti vinavyotazama mbele kama ukumbi wa sinema. Palikuwa na meza. Watu walikaa kuzunguka meza, wengine wameelekeza ubavu jukwaani, wakila, wakinywa, wakizungumza. Wahudumu walipita katikati na sinia. Ukipenda kusimama, ulisimama. Moshi wa tumbaku umetanda. Mwenye nyundo, ambaye sasa tungemwita mshereheshaji, alikaa kwenye meza yake karibu na jukwaa akiwaelekea wateja, na kukaa karibu naye ilikuwa heshima ambayo kwa kawaida ilimgharimu mtu kinywaji cha kumnunulia.

Kwa hiyo mwimbaji akipanda jukwaani hakuwa na uhakika wa kusikilizwa. Watu hawakununua ukimya. Ilimbidi aukamate ukumbi mzima kwa sauti yake, kwa uso wake, kwa mwendo wake, kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Hapakuwa na kipaza sauti. Akishindwa, watu waliendelea na mazungumzo yao, au walimwambia waziwazi ashuke. Akifaulu, kufikia kiitikio cha pili ukumbi wote unaimba naye.

Ndiyo maana nyimbo za vilabu vile zilitungwa jinsi zilivyotungwa. Ubeti ulimwachia mwimbaji asimulie kisa chake: kodi ya nyumba, mama mkwe, mchumba, kuhama usiku kumkwepa mwenye nyumba. Kiitikio kilikuwa cha watu, kifupi, chepesi, cha kushikika mara ya kwanza unapokisikia. Mtu aliondoka nacho hadi kazini kesho yake. Nimesema tangu mwanzo na narudia: mteja alikuwa sehemu ya onyesho. Bila yeye wimbo ulikuwa nusu.

Ninyi mliowahi kwenda DDC Kariakoo kuwasikiliza Mlimani Park, Sikinde wenyewe, hamhitaji kuelezwa sana. Bendi ile ilichukua jina lake kutoka kwenye baa, na wimbo wake haukukamilika mpaka watu wanyanyuke mezani.

Sasa tumzungumzie mwimbaji mmoja, kwa sababu maisha yake yanatuonyesha uzuri wa vilabu hivi na madhara yake kwa pamoja. Anaitwa George Leybourne, na ni mmoja wa walioimba kwenye jukwaa la Wilton's. Leybourne alizaliwa mwaka 1842, akafanya kazi ya ufundi wa mashine kabla ya kuingia jukwaani. Mwaka 1866 alipata wimbo uitwao Champagne Charlie, juu ya kijana mtanashati anayekunywa shampeni mchana na usiku. Wimbo ukaruka. Kila mtaa ukauimba.

Kwa nini fundi na kuli wapende wimbo wa shampeni ambayo hawajawahi kuionja? Nadhani kwa sababu aliyekuwa akiimba ni mwenzao. Walimjua kwa lafudhi yake na kwa mikono yake. Amevaa kofia ndefu na suti ya bwana mkubwa, anatembea kama bwana mkubwa, na wao walioko mezani wanajua kabisa katokea wapi. Kila alipokiimba kile kiitikio, aliwapandisha wote.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1868 alisaini mkataba uliomtaka aishi kama yule mtu wa kwenye wimbo, hata nje ya jukwaa. Akapewa gari la farasi wanne weupe azunguke nalo mjini. Kampuni za shampeni zikaona faida, zikampa chupa azionyeshe na kuzinywa hadharani. Na mshindani wake, Alfred Vance, naye akatoka na wimbo wake wa kusifia shampeni ya kampuni nyingine. Tangazo la biashara lililovaa nguo za muziki: vijana wa leo mnadhani limeanzia kwenye simu zenu? Leybourne alilipwa vizuri sana, akakirimu sana, akanywa sana. Alifariki mwaka 1884 akiwa na miaka 42, mwili umechakaa na fedha zimekwisha.

Hakuwa peke yake. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema mnayemfahamu kwa kofia na fimbo yake, alizaliwa na wazazi waliokuwa waimbaji wa kumbi hizi. Baba yake alikufa kijana, mwaka 1901, kwa ulevi. Katika kitabu cha maisha yake Chaplin ameeleza jinsi ilivyokuwa: mwimbaji akimaliza zamu yake alitegemewa ashuke baa akanywe na wateja, na wako walioajiriwa zaidi kwa sababu walijulikana kuitumia mishahara yao hukohuko kwenye kaunta. Mwenye ukumbi alimlipa kwa mkono wa kulia, akazipokea fedha zake kwa mkono wa kushoto.

Mimi naipenda historia ya nyumba hizi, lakini sitaipamba. Fedha iliyonunua taa ile kubwa ya gesi ilitoka kwenye mifuko ya watu ambao wengine wao watoto wao walilala njaa. Bia ndiyo iliyojenga jukwaa, na bia hiyohiyo ndiyo iliyowameza wengi waliosimama juu yake. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na mtu akikusimulia moja akaacha la pili, amekupunja.

Tuendelee. Wilton aliondoka pale baada ya miaka isiyofika 20. Mwaka 1877 moto ukaushika ukumbi. Moto ulikuwa adui mkubwa wa kumbi zile, na hakuna cha kushangaza: gesi, mbao, mapazia, na mamia ya watu katika chumba kimoja. Ukajengwa upya mwaka uliofuata kwa kufuata sura ileile ya kwanza.

Mwaka huohuo, 1878, ikaja sheria nyingine. Kuanzia sasa ukumbi wa London ulitakiwa kupata cheti kuonyesha kwamba ni salama kwa moto: kuta, ngazi, milango ya kutokea. Ni sheria ya haki, wasikilizaji. Watu walikuwa wakifa. Lakini matengenezo yalihitaji mtaji, na vyumba vya nyuma ya vilabu havikuwa na mtaji. Kumbi ndogo nyingi zilifungwa. Wenye fedha wakajenga kumbi kubwa za kifahari katikati ya jiji, zenye mazulia na viti vya mahameli.

Na viti vile, ndugu zangu, ndivyo vilivyobadilisha kila kitu. Meza ziliondolewa, viti vikapangwa safu kwa safu vikielekea jukwaani na kufungwa sakafuni. Mwenye nyundo akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na namba inayowekwa pembeni ya jukwaa kuonyesha ni zamu ya nani. Baa ikasogezwa nyuma, ikatengwa kwa ukuta. Kilabu kikawa tiyeta. Mteja akaanza kujifunza kunyamaza.

Wilton's haikuweza kushindana na hayo. Ukumbi ulifungwa miaka michache tu baada ya kujengwa upya. Na nani akaja kuuchukua? Mwaka 1888 waliingia Wamethodisti, watu wa dini walioipinga pombe kwa moyo wote. Hata hapakuwa pa kwanza kuingiliwa hivyo. Kilabu kikubwa cha Eagle, huko City Road, kilichovuma kwa bustani yake na jukwaa lake, kilikuwa tayari kimenunuliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1882. Jukwaa la nyimbo za shampeni likawa mahali pa kuhubiri dhidi ya chupa.

Mtu angeweza kuwalaumu. Mimi siwalaumu. Mwaka mmoja tu baada ya Wamethodisti kuingia, mwaka 1889, makuli wa bandari za London waligoma wakidai peni sita kwa saa. Ulikuwa mgomo mkubwa, wiki baada ya wiki hakuna mshahara. Familia za makuli zilikula wapi? Ukumbi wa Wilton's ulikuwa mmoja wa mahali walipopikiwa na kugawiwa chakula. Kuli aliyeimba chini ya roshani ile akiwa kijana, sasa alipanga foleni humohumo na watoto wake na bakuli mkononi. Mgomo ulishinda. Peni sita zao wakazipata.

Wamethodisti walikaa pale hadi 1956. Waliona mengi. Oktoba 1936, hatua chache kutoka mlangoni pao, katika Cable Street, Wayahudi, Waairishi na makuli wa mtaa ule walijenga vizuizi barabarani kuwazuia wafuasi wa Oswald Mosley, mafashisti wa Uingereza, wasipite. Vita Kuu ya Pili ikaja, mabomu yakaangushwa usiku baada ya usiku kwenye mitaa ya bandari. Canterbury, ule ukumbi wa Morton, ulibomolewa na bomu mwaka 1942. Wilton's ukabaki umesimama.

Walipoondoka Wamethodisti, ukumbi uligeuzwa ghala la matambara. Kisha manispaa ikaamua mtaa mzima ubomolewe, majengo chakavu yote yaondoke. Mwaka 1964 watu wakapiga kelele, akiwemo mshairi John Betjeman, mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutetea majengo ya zama za Victoria yaliyodharauliwa. Wilton's ikaokolewa. Mwaka 1971 ikaandikishwa kuwa jengo la kulindwa kisheria. Majirani zake karibu wote wakavunjwa.

Angalieni basi mambo yalivyojipanga. Kama biashara ya ukumbi ingeshamiri, Wilton's ingevunjwa zamani na kujengwa kubwa zaidi, ya viti vya mahameli, kama nyingine zilivyofanywa. Kufa kwa biashara ndiko kulikoliponya jengo. Na waliolitunza kwa karibu miaka 70, wakaziba paa na kufagia sakafu, ni watu ambao kamwe wasingeingia humo wakati wa Leybourne.

Kuna jambo moja nimelihifadhi hadi hapa. Mwaka 1922 alifariki mwimbaji Marie Lloyd, mtoto wa Hoxton, London ya Mashariki, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi ya uhudumu katika kilabu kilekile cha Eagle. Marie Lloyd alikuwa malkia wa kumbi hizi. Mwaka 1907, waimbaji na wafanyakazi wadogo wa kumbi walipogoma kudai malipo ya maonyesho ya ziada, yeye aliyekuwa na jina na fedha aliungana nao, akatoa fedha zake, akasimama nao milangoni. Alipokufa, makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza.

Wakati huo mshairi T. S. Eliot, Mmarekani aliyeishi London, msomi mkubwa ambaye mashairi yake hata wasomi huumiza kichwa kuyaelewa, aliandika makala ya kumwomboleza. Akasema, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba mfanyakazi aliyekwenda kumsikiliza Marie Lloyd na kuitikia kiitikio alikuwa naye anafanya sehemu ya kazi ya sanaa. Ushirikiano ule wa msanii na hadhira, Eliot aliuona kuwa muhimu kwa kila sanaa, na aliogopa kwamba sinema ingewafanya watu wakae tu na kupokea. Kwa hiyo jambo hili ninalolirudia tangu mwanzo, la mteja kuwa sehemu ya onyesho, lilisemwa na mtu huyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Na mwaka 1997, Wilton's ilipofunguliwa tena kwa maonyesho, katika ukumbi wenye baridi na kuta zinazobanduka, ni nini kilichosikika pale? Mwigizaji Fiona Shaw alisimama peke yake akaghani shairi refu la Eliot, The Waste Land, shairi lililotoka mwaka uleule aliofariki Marie Lloyd.

Tangu hapo kazi ya kuitengeneza iliendelea kidogo kidogo, ikakamilika mwaka 2015. Waliotengeneza waliamua kutoipaka rangi mpya ikapoteza umri wake. Walikaza kinachoanguka, wakaziba panapovuja, wakaacha plasta iliyochubuka, matofali yaliyo wazi na rangi zilizopauka vionekane. Mimi nakubaliana nao kabisa. Ukiifuta alama ya Wamethodisti ili ubaki na Wilton, au ukiifuta ya moto ili ubaki na shampeni, utakuwa umewafukuza watu waliowahi kukaa humo.

Leo nguzo zile zenye misokoto bado zinashikilia roshani. Waigizaji wanaigiza, bendi zinapiga, na Mahogany Bar mbele inauza vinywaji kama ilivyokuwa ikiuza kwa mabaharia. Mtu hahitaji tiketi ya onyesho ili aingie baa. Anaweza kuketi tu, na kama kuna usiku wa kuimba, akaitikia.

Nimefika hapo, wasikilizaji wangu. Ninyi mnaokumbuka kumbi za dansi za miji yenu, za Tanga, za Mombasa, za Morogoro, nani alipiga, kiingilio kilikuwa kiasi gani, meza zilipangwaje, jengo lenyewe sasa lina nini, tuandikieni barua kituoni. Nitazisoma hapa hewani, moja baada ya nyingine, katika mazungumzo yetu yajayo.